Nguvu za Mgonjwa wa Moyo Zipimwe Vipi Meru na Embu?

Wagonjwa wengi wa moyo katika kaunti za Meru na Embu hurudi nyumbani kutoka kliniki na karatasi zinazoonekana kupingana. Ripoti ya eko inasema moyo unasukuma asilimia 35. Barua ya kuruhusiwa kutoka wodini imeandikwa NYHA III, bila maelezo. Jirani naye amemwambia mgonjwa kwamba bila kupanda kwenye mashine ya kukimbilia kule Nairobi, hakuna daktari anayeweza kujua nguvu za moyo wake. Nyumbani familia imegawanyika: mmoja anasema mgonjwa asiguse jembe tena, mwingine anashikilia kwamba daktari alisema atembee kila siku.

Karatasi hizo zote zinazunguka swali moja: mwili wa mtu huyu unaweza kuhimili kazi kiasi gani, na tutajuaje? Kwa wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo, yaani ule ambao watu huuita moyo mkubwa, moyo uliopanuka au moyo uliochoka, swali hilo huamua dawa, lishe ya familia na hata umri wa kuishi.

Katika Afrika swali hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2012, uligundua kuwa wastani wa umri wa waliolazwa kwa ugonjwa huu ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Ulaya na Amerika Kaskazini mgonjwa wa aina hii kwa kawaida amekwisha kustaafu. Huku ni mtu mwenye watoto shuleni na shamba linalomngoja. Kumwambia apumzike tu ni kumwambia aache kula.

Kinachopimwa ni nini hasa

Mtu akiwa ameketi, moyo wenye afya husukuma takribani lita tano za damu kwa dakika. Kijana mzima akikimbia, kiasi hicho hupanda hadi lita 20 au zaidi. Tofauti ya hapo katikati ndiyo akiba ya moyo, na ndiyo inayotumika mtu anapopanda mlima, anapolima au anapobeba mtungi wa maji. Ugonjwa huanza kwa kula akiba hiyo. Ndiyo maana mgonjwa huonekana mzima kabisa kwenye benchi la kliniki, kisha akaishiwa na pumzi kabla hajafika lango la hospitali.

Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, humpima mgonjwa akiwa amelala. Huonyesha valvu, ukubwa wa vyumba vya moyo, unene wa kuta zake, na asilimia ya damu inayotoka kwenye chumba cha kushoto kila moyo unapopiga. Kwa mtu mwenye afya asilimia hiyo huwa kati ya 55 na 70 hivi, wala si 100, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Mwenye asilimia 35 hajabakiwa na theluthi ya moyo. Jambo zito zaidi ni kwamba namba hiyo haitabiri vizuri mtu atatembea umbali gani. Wapo wenye asilimia 25 wanaofanya kazi nyepesi za shamba, na wapo wenye 60 wasiomaliza ngazi za ghorofa moja, hasa wale ambao misuli ya moyo imekakamaa kwa presha ya miaka mingi na vyumba havijai damu inavyotakiwa.

Sababu ni kwamba uwezo wa kufanya kazi hautoki kwenye moyo peke yake. Mapafu yaingize oksijeni, damu iibebe, moyo uisukume, na misuli ya miguu iitumie. Mtu aliyelala kitandani mwezi mzima hupoteza misuli, na miguu humshinda kabla moyo haujafika kikomo chake. Mwenye upungufu wa damu huchoka hata moyo ukiwa umetulizwa na dawa. Mwaka 2009 utafiti wa FAIR-HF ulionyesha kuwa wagonjwa wa moyo wenye upungufu wa madini ya chuma, walipopewa chuma kupitia mshipa, waliweza kutembea mbali zaidi. Kilichobadilika hapo kilikuwa chuma mwilini. Kwa hiyo kipimo cha nguvu ni kipimo cha mnyororo mzima. Huo ndio ubora wake, na ndio pia udhaifu wake: kitakuambia mnyororo umelegea, lakini si kila kipimo kitakuambia ni kwenye pete ipi.

Kuna pia mkanganyiko unaowagharimu watu fedha. Mashine ya kukimbilia ambapo mtu hufungwa nyaya za ECG kifuani hutumika hasa kutafuta dalili za mishipa ya moyo iliyoziba kwa mtu mwenye maumivu ya kifua. Inaweza kukadiria nguvu za mwili, lakini kazi yake kuu ni nyingine. Mgonjwa ambaye moyo wake umekwisha kujulikana umepanuka, na swali lake ni kama anaweza kurudi shambani, anaweza kulipia kipimo hicho na kurudi bila jibu alilolifuata.

Madaraja manne ya mwaka 1928

Kipimo cha zamani kuliko vyote ni maswali tu. Shirika la New York Heart Association lilitoa mpango wake wa madaraja manne mwaka 1928, na ndizo herufi za NYHA zinazoandikwa kwenye barua za hospitali hadi leo. Daraja la kwanza ni mgonjwa asiyepata shida kwa kazi za kawaida. Wa pili hupata shida kidogo kwa kazi hizo. Wa tatu hushindwa na kazi iliyo nyepesi kuliko kawaida. Wa nne hupata shida hata akiwa ametulia.

Uzuri wake hauna ubishi. Haugharimu chochote. Afisa wa kliniki aliye Ishiara au Laare anaweza kuutumia bila umeme wala mashine. Majaribio makubwa ya dawa za moyo yamewapanga wagonjwa kwa madaraja hayo, kwa hiyo miongozo ya matibabu huyazungumzia, na anayejua daraja la mgonjwa anajua dawa ipi inafaa kuongezwa.

Tatizo liko kwenye maneno matatu: kazi za kawaida. Kawaida ya nani? Mwaka 1981 Lee Goldman na wenzake walichunguza jinsi madaktari wawili wanavyompanga mgonjwa yuleyule, wakakuta walikubaliana kwa asilimia 56 tu. Hao walikuwa madaktari wa mazingira yaleyale, wakitumia lugha moja na wagonjwa wao. Hebu fikiria hali ya hapa, ambapo mmoja anachuma chai kwenye miteremko ya Kionyo, mwingine ni karani katika mji wa Embu, na mwingine anachunga mbuzi Mbeere. Wote watatu wanaweza kuwa na moyo uleule, na wakaandikwa madaraja tofauti.

Kuna mtego mwingine ambao wahudumu wa muda mrefu wanaujua. Mgonjwa hupunguza kazi polepole bila kutangaza. Maji sasa huchotwa na mtoto. Kanisani huenda kwa bodaboda. Chai huchumwa na kibarua. Akiulizwa kama huishiwa na pumzi, anajibu hapana, na anasema kweli, kwa sababu ameacha kila kilichokuwa kikimmaliza pumzi. Anaandikwa daraja la pili, dawa zinaachwa zilivyo, na ugonjwa unaendelea kumla.

Wataalamu walijaribu kutibu udhaifu huo kwa kuuliza kazi moja moja kwa jina. Chuo Kikuu cha Duke kilitoa orodha ya namna hiyo mwaka 1989. Wazo ni zuri sana, lakini orodha yenyewe inauliza habari za gofu na tenisi. Kwa Meru na Embu maswali yanayofaa ni mengine. Je, unaweza kubeba mtungi wa lita 20, ambao ukijaa ni kilo 20 za maji, kutoka bombani hadi jikoni bila kuutua? Unaweza kufikisha kikapu cha majani ya chai kwenye kituo cha kununulia bila kupumzika njiani? Unalima muda gani kabla hujaegemea mpini wa jembe? Mwaka jana ulifanya nini ambacho mwaka huu anakufanyia mwingine? Swali hilo la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa humfikia yule aliyekwisha kujipunguzia kazi. Orodha ya aina hii inahitaji kutungwa na kujaribiwa hapa hapa, katika Kiswahili, Kimeru, Kiembu na Kimbeere, si kutafsiriwa mezani.

Barakoa na hesabu ya oksijeni

Upande wa pili kabisa kuna kipimo ambacho wataalamu wa dunia hukiona kuwa cha kiwango cha juu. Mgonjwa huendesha baiskeli ya mazoezi au hutembea kwenye mkanda, uzito ukiongezwa kidogo kidogo kwa dakika nane hadi 12 hivi, huku amevaa barakoa inayopima hewa anayovuta na anayotoa. Mwishoni hupatikana namba moja kubwa: mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili wake ilitumia kwa dakika alipofika kileleni. Akiwa ameketi, mtu hutumia takribani 3.5. Katika miaka ya 1980 Karl Weber na Joseph Janicki waliwagawa wagonjwa kwa namba hiyo: waliozidi 20 hali yao ni nafuu, walio chini ya 10 wako hatarini kabisa. Mwaka 1991 Donna Mancini na wenzake walionyesha kuwa kiwango cha mililita 14 kinasaidia kuamua nani asubiri na nani aingizwe kwenye orodha ya kupandikizwa moyo mwingine. Baadaye, kwa wanaotumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo kama carvedilol, mpaka huo ulishushwa hadi karibu 12.

Hakuna kipimo kingine kinachofichua mengi kama hiki. Kinaonyesha kama kilichomsimamisha mgonjwa ni moyo, mapafu au misuli, na hata kama alijitahidi kweli au aliacha mapema.

Wanaokitetea kwa ajili ya kaunti husema jambo ambalo halipaswi kupuuzwa: kwa nini mkazi wa Runyenjes apimwe kwa kipimo cha chini kuliko mkazi wa Nairobi? Ugatuzi wa mwaka 2013 uliipa kila kaunti mamlaka juu ya hospitali zake ili pengo hilo lizibwe.

Lakini mashine hii haiishi kwa kununuliwa tu. Vipima hewa vyake vinahitaji kusawazishwa kila mara kwa gesi maalumu, vipuri vyake ni ghali, na msomaji wa matokeo anahitaji mafunzo ya muda mrefu. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, kimeharibika. Akihamishwa yule mmoja anayeifahamu, itabaki imefunikwa kitambaa.

Hata hivyo gharama si hoja yangu kuu. Hoja kuu ni uamuzi. Namba ile ya 14 ilipata umaarufu kwa sababu iliamua nani apewe moyo mpya, na upandikizaji wa moyo si huduma ya kawaida nchini Kenya. Mgonjwa wa Embu akipata 13 au akipata 15, atarudi kliniki ileile na kuandikiwa dawa zilezile. Kipimo kisichobadilisha matibabu, kikiwa zaidi ya kilomita 120 kutoka Embu na zaidi ya 200 kutoka Meru, ni mzigo kwa mtu ambaye tayari anauza mbuzi ili anunue dawa. Kina mahali pake: mgonjwa anayehema bila sababu kujulikana baada ya eko na picha ya kifua, au anayepimwa kabla ya operesheni kubwa au matibabu ya nje ya nchi. Hao ni wachache, na wanapaswa kupelekwa Nairobi kwa barua inayotaja swali linalotafutiwa jibu.

Dakika sita za kutembea

Katikati ya maswali na mashine kuna kipimo kinachohitaji sakafu, saa na mtu makini. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, aliwapima askari kwa umbali waliokimbia ndani ya dakika 12. Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza waligeuza mbio kuwa matembezi kwa ajili ya wagonjwa wa kifua. Mwaka 1982 ilionekana dakika sita zinatosha. Na mwaka 1985 Gordon Guyatt na wenzake kule Kanada walithibitisha kuwa kipimo hicho kinafaa kwa wenye moyo ulioshindwa. Mwaka 2002 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani, American Thoracic Society, kilitoa utaratibu unaofuatwa hadi sasa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Hupimwa mita 30 za sakafu tambarare, ngumu, isiyopitwapitwa na watu. Koni huwekwa kila mwisho, na alama kila baada ya mita tatu. Mgonjwa hukaa kitini karibu na mahali pa kuanzia kwa dakika kumi, hupimwa presha, mapigo na oksijeni ya kidole. Kisha huambiwa atembee kwenda na kurudi, mbali kadiri awezavyo kwa dakika sita, kwa mwendo wake mwenyewe. Anaruhusiwa kusimama, kuegemea ukuta na kuendelea. Mpimaji hahesabu hatua, huhesabu mizunguko. Kwenda na kurudi ni mita 60. Aliyemaliza mizunguko mitano na kuongeza mita 20 ametembea mita 320.

Namba hiyo ina uzito. Katika utafiti wa SOLVD uliochapishwa mwaka 1993, uliohusu wagonjwa 833, waliotembea chini ya mita 300 walikufa kwa kiwango cha karibu asilimia 10 katika kipindi cha ufuatiliaji, na waliofika mita 450 au zaidi kwa karibu asilimia 3. Kipimo cha bure kilitenganisha makundi hayo. Hapa Kenya pia si kigeni: huko Eldoret, watafiti wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi walipojaribu mazoezi ya kuwarudishia nguvu wagonjwa wa moyo, hospitalini na nyumbani, kutembea kwa dakika sita kulikuwa miongoni mwa vipimo vyao.

Udhaifu wake ni mwingi, na wanaokisifu huupitia haraka mno. Mwenye magoti mabovu atapimwa magoti. Mtu mwenye hali nafuu hufika mahali ambapo kinachomzuia ni urefu wa miguu yake, si moyo. Kwake kipimo hakisemi kitu. Mara ya pili watu huenda mbali zaidi kwa sababu tu wamezoea. Na fomula zinazotaja umbali unaostahili kwa umri na urefu fulani, kama ile ya Enright na Sherrill ya mwaka 1998, zilitokana na watu wenye afya wa Tucson, Arizona. Kumwambia mkulima wa Nkubu kwamba ametembea asilimia 70 ya anavyostahili ni kumlinganisha na watu wa jangwani Marekani waliozoea magari.

Lakini udhaifu unaoweza kuharibu kipimo chote hutokana na wema. Mwaka 1984 Guyatt alionyesha kuwa mgonjwa anapotiwa moyo na mpimaji, huongeza takribani mita 30. Tofauti ya mita 30 hivi ndiyo hiyo hiyo inayochukuliwa kuwa badiliko la maana kwa mgonjwa. Muuguzi akisema mwezi wa pili, "Haya mama, kaza kidogo, umekaribia," na mwezi wa tano mwenzake akanyamaza, kliniki itaandika kwamba mgonjwa amezorota wakati hakuna kilichobadilika mwilini mwake. Ndiyo maana utaratibu huagiza maneno machache yaleyale kila dakika, kwa sauti ileile: unaendelea vizuri, zimebaki dakika kadhaa. Kwa utamaduni wetu kumnyamazia mzee anayehangaika ni vigumu. Mpimaji afundishwe kwamba heshima kwa mzee huyo ni kumpa namba ya kweli.

Mlima, miraa na matatu ya alfajiri

Hapa ndipo vitabu vya nje vinapoishia na Meru na Embu zinapoanza.

Kwanza ni mteremko. Mashamba ya chai ya Imenti, ya Manyatta na ya Igembe yamelala kwenye miinuko ya Mlima Kenya na Nyambene. Mgonjwa anaweza kutembea mita 400 kwenye veranda ya hospitali na bado akashindwa na njia ya kutoka mtoni hadi nyumbani, kwa sababu kupanda hudai oksijeni nyingi zaidi kuliko kutembea tambarare. Wengine wanapendekeza kipimo kifanyiwe mlimani ili kiwe cha kweli. Nadhani hilo ni kosa. Kila kilima kina mwinuko wake, na matokeo ya Chuka hayatasomeka Maua. Kipimo kibaki tambarare ili kilinganishwe, na swali la mlima liulizwe kwa mdomo, liandikwe kando ya namba.

Pili ni mwinuko wa nchi yenyewe. Mji wa Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Meru uko juu zaidi, ilhali sehemu za Mbeere ziko chini na ni joto. Kwa mtu mwenye afya tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mgonjwa ambaye akiba yake imekwisha, hata mwinuko wa wastani hupunguza kidogo kazi anayoweza, kama Piergiuseppe Agostoni na wenzake wa Italia walivyoonyesha mwaka 2000 kwa kuwapa wagonjwa hewa yenye oksijeni pungufu. Apimwe mahali pamoja kila mara, basi.

Tatu ni miraa. Kemikali yake ya kathinoni huongeza mapigo ya moyo na presha. Aliyetafuna usiku kucha au asubuhi ya kliniki ataanza kipimo na mapigo ya juu, na namba zitakazoandikwa hazitamhusu yeye wa kila siku. Kumkaripia hakusaidii, aulizwe bila hukumu, iandikwe, na siku nyingine aje bila kutafuna. Kwa moyo ulioshindwa miraa ni hatari yenyewe, na hilo aambiwe wazi, hata katika eneo ambalo zao hili ndilo linalolipa karo.

Nne ni safari. Mgonjwa aliyepanda matatu alfajiri bila kula, amevaa gambuti au viatu vya plastiki, mara nyingi ameacha kumeza Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, asubuhi hiyo kwa kuogopa kubanwa na mkojo njiani. Anafika na maji yameongezeka mwilini, anatembea mita 240, na anaandikwa mgonjwa mahututi. Wiki iliyotangulia, akiwa amemeza dawa zake, angeweza kufika 300. Mpimaji anapaswa kuuliza mambo matatu kabla ya kubonyeza saa: umekula? umemeza dawa zako zote leo? umevaa viatu gani? Maswali hayo hayagharimu hata dakika moja, na bila majibu yake namba haina maana.

Mwisho ni sakafu. Katika hospitali nyingi za zamani veranda zinazounganisha wodi zina mteremko, zina ngazi katikati, na mchana zimejaa watu, vitanda na mikokoteni ya chakula. Mita 30 tambarare ni anasa. Veranda ikiwa na mita 15 tu, mgonjwa hugeuka mara mbili zaidi na umbali hupungua. Hilo linavumilika, mradi ni veranda ileile na urefu wake umeandikwa kwenye daftari.

Njia za mkato

Pasipo nafasi, kuna kipimo cha kuinuka na kukaa kitini kwa dakika moja, na kile cha kwenda na kurudi mita 10 kwa kufuata mlio, kilichobuniwa Uingereza na Sally Singh na wenzake mwaka 1992. Cha kiti kinafaa vituo vidogo vya afya, ingawa hupima mapaja kuliko moyo. Cha mlio ni kizuri kwa wenye nguvu zaidi. Saa za mkononi zinazodai kukadiria oksijeni ziachwe: hukisia kwa kulinganisha mapigo na mwendo, na mgonjwa anayetumia dawa za kushusha mapigo, au ambaye mapigo yake hayana mpangilio, huziharibia hesabu.

Mizani inaegemea wapi

Kwa ninavyoona, hakuna kipimo kimoja kinachostahili kubeba swali lote, lakini kimoja kinastahili kuwa uti wa mgongo wa kliniki hizi, nacho ni dakika sita. Si kwa sababu ni cha bei ya chini. Ni kwa sababu matokeo yake yanaweza kubadilisha kinachofanyika kesho yake. Aliyeshuka kutoka mita 380 hadi 310 kwa miezi mitatu anahitaji kuulizwa kuhusu dawa, chumvi, damu yake na presha yake, na kuongezewa matibabu kabla hajalazwa. Aliyepanda kutoka 310 hadi 380 ana ushahidi wa kumwonyesha mume, mke au mtoto anayemkataza kutoka nje. Utafiti wa HF-ACTION wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 2,331, ulionyesha kuwa mazoezi yaliyopangwa ni salama kwa wagonjwa walio imara na huboresha maisha yao kwa kiasi. Ushauri wa kupumzika milele umepitwa na wakati.

Namba isomwe dhidi ya mgonjwa mwenyewe, si dhidi ya Tucson. Madaraja ya NYHA yaendelee kuandikwa, lakini yakisindikizwa na maswali ya mtungi, kikapu na jembe. Barakoa ya Nairobi ibaki kwa wachache.

Gharama iliyojificha ni muda. Maandalizi na kipimo huchukua karibu nusu saa kwa mgonjwa mmoja, na siku ya kliniki ya presha na kisukari foleni hufika nje. Kumpima kila mmoja kila mwezi kutaua mpango huu kabla haujaanza. Wapimwe wapya, wanaoruhusiwa kutoka wodini hali ikiwa imetulia, waliobadilishiwa dawa baada ya miezi mitatu, na wanaouliza kama wanaweza kurudi kazini. Wataalamu wa fiziotherapia ndio wanaofaa kuongoza kazi hii. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa tangu mwaka 2023 wanaweza kuuliza maswali ya kazi za nyumbani na kupima presha na uzito, lakini matembezi yenyewe yafanyiwe penye kiti, oksijeni na daktari karibu. Asipimwe mwenye maumivu ya kifua akiwa ametulia, aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi mmoja, aliyezimia akifanya kazi, au ambaye valvu yake ya kutolea damu imebanwa sana. Mapigo yakizidi 120 au presha ikizidi 180 kwa 100 kabla ya kuanza, asubiri.

Wasimamizi wa hospitali za rufaa za Meru na Embu, na za misheni za Nkubu, Maua na Chogoria, wanaweza kuanza kwa utepe wa kupimia, rangi ya sakafu na karatasi moja ya utaratibu ukutani. Nawe uliye na ugonjwa huu, au unayemuuguza mwenye nao, kliniki ijayo vaeni viatu vya kutembelea, mezeni dawa zote asubuhi, na ombeni umbali uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na urefu wa veranda. Mkirudi baada ya miezi mitatu, lifungueni ukurasa huo mbele ya daktari kabla hajaandika dawa.